Uzi: 4K sebuleni, inaonekana kweli au tunanunua stika?

Mpangaji_Ghorofa3
Wakuu salaam. Sebule ni ya nyumba ya kupanga, ya kawaida tu: kutoka kwenye kioo cha TV hadi kichwa cha aliyekaa kwenye kochi ni mita 2.7. Kinachotazamwa ni mpira na taarifa ya habari kwa king'amuzi, YouTube kila siku, na muvi za kwenye flashi. Chaguo ni tatu: inchi 43 Full HD, inchi 43 4K, na inchi 55 4K. Kila muuzaji anasema 4K ni "picha kali". Naomba majibu ya namba, ushabiki wa kampuni tuuache pembeni. Kwa umbali huo, jicho linaiona 4K au haliioni?

FundiKioo
Mkuu, umeanza na mita, hapo umeshawapita wengi. Watu huanza na stika.

Jicho halihesabu pikseli (vitone vidogo vinavyounda picha; Full HD ina 1920 kwa upana, 4K ina 3840) za TV nzima. Linachohesabu ni pikseli ngapi zinaingia ndani ya digrii moja ya upeo wake. Daktari wa macho akikuambia una 6/6, maana yake unaweza kutenganisha mistari iliyoachana kwa dakika moja ya digrii, yaani sehemu moja ya 60. Ndiyo maana pikseli 60 kwa digrii zimetumika miaka mingi kama mpaka: zikizidi hapo, jicho la kawaida linaona kitu kimoja laini, halioni vitone.

Kwa TV yoyote ya umbo la 16:9 hesabu inafupika hivi:

Full HD: 15 × umbali (cm) ÷ inchi
4K: 30 × umbali (cm) ÷ inchi
HD ya 720: 10 × umbali (cm) ÷ inchi

Kwa mita zako 2.7:

Inchi 43: Full HD 94, 4K 188
Inchi 55: Full HD 74, 4K 147
Inchi 65: Full HD 62, 4K 125
Inchi 75: Full HD 54, 4K 108

Kwa inchi 43, Full HD tayari imeupita mpaka kwa mbali. Ukiweka 43 ya 4K pembeni yake, paneli za ubora sawa, video ileile, kwenye kochi lako hutazitofautisha. Tofauti inaanza kunukia inchi 65, na inchi 75 kila mwenye macho mazima ataiona.

Ukitaka kuigeuza hesabu ikupe umbali: inchi mara 4 ni sentimita ambazo ukizivuka Full HD inatosha. Inchi mara 2 ni za 4K. Inchi mara 6 ni za 720. TV ya 55 basi: 55 × 4 = sentimita 220. Ukikaa karibu kuliko hapo 4K ina kazi, ukikaa mbali zaidi inazidi kukosa kazi.

Sasa jiulize kwa nini dukani inaonekana kali. Unasimama mita moja kutoka TV ya 55. Hapo Full HD inakupa pikseli 27 kwa digrii, lazima uone vitone. Juu yake wameweka video ya maonyesho ya kampuni, samaki wa rangi na majengo ya usiku, na TV iko kwenye hali ya duka yenye mng'ao wa mwisho. Nyumbani hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Kasuku_Mkimya
FundiKioo, nakubali hesabu ila huo mpaka wa 60 umepitwa. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na Meta Reality Labs (maabara ya kampuni ya Meta) walichapisha kipimo kipya kwenye jarida la Nature Communications. Walitumia skrini inayosogezwa mbele na nyuma mbele ya mtazamaji. Wastani waliopata ni pikseli 94 kwa digrii kwa picha ya nyeusi na nyeupe, 89 kwa nyekundu na kijani, 53 kwa njano na zambarau. Chati ya herufi ya hospitali inapima uwezo wa kusoma herufi. Kutambua kwamba mstari mwembamba upo au haupo ni kazi nyingine, na macho ya kijana mara nyingi ni bora kuliko 6/6.

Ukitumia 94 badala ya 60, ile "mara 4" inakuwa karibu "mara 6" na nukta kidogo. Kwa hiyo:

Inchi 43 Full HD: mpaka ni sentimita 270. Kochi la mtoa mada liko pale pale mpakani.
Inchi 55 Full HD: sentimita 345. Kwa mita 2.7 yuko ndani, 4K ina kitu cha kumpa.

Hao hao watafiti walitoa mfano wa sebule ya wastani ya Uingereza, mita 2.5 kutoka TV hadi kochi: TV ya inchi 44 ya 4K au 8K (mara mbili ya 4K kwa upande) haimpi mtazamaji chochote cha ziada juu ya ile ya 2560 × 1440.

FundiKioo
Nakubali marekebisho. Ila wasomaji walielewe vizuri: 94 ni pale jicho linapoacha *kutambua* tofauti katika mistari iliyochorwa kwa makusudi, kontrasti (tofauti ya weusi na weupe) imejaa, picha imesimama. Muvi na mpira havina mistari hiyo. Kwa picha za kawaida chukueni chini ya 60 kama "hapa kila mtu anaona" na juu ya 94 kama "hapa wengi hawaoni tena". Katikati yake ni kidogo kidogo. Inchi 55 kwa mita 2.7 ni 74, iko katikati.

Chuma_Ulete
Si 4K ina pikseli mara nne? Basi ukisogea mara nne karibu ndipo faida iishe?

Kasuku_Mkimya
Mara nne kwa eneo, mkuu. 1920 × 1080 ni pikseli 2,073,600, na 3840 × 2160 ni 8,294,400. Lakini umbali unafuata upande mmoja, na kwa upande ni mara mbili tu. Ndiyo maana viwango vya utangazaji vinataja umbali wa kutazama kwa kimo cha picha: Full HD mara 3 ya kimo, 4K mara 1.5, 8K mara 0.75. Kimo cha picha ya TV ya 55 ni sentimita 68, kwa hiyo 4K "inakusudiwa" utazame kutoka mita moja na kidogo. Nani anakaa hapo zaidi ya watoto?

Dada_wa_Vipimo
Mnabishana 60 na 94 wakati mtoa mada ametaja king'amuzi mwanzoni kabisa. Tuanzie hapo.

Chaneli nyingi za nyumbani zinakuja kwa SD, ubora wa chini ya HD: 720 × 576, pikseli 414,720. TV ya 4K ina pikseli mara 20 ya hizo. Maana yake pikseli 19 kati ya kila 20 unazoziona zimebuniwa na prosesa ya TV kwa kukisia. Prosesa ya TV ya bei ya chini inakisia vibaya: kingo za watu zinapata kivuli cheupe, nyasi za uwanja zinakuwa uji. Chaneli za HD za dishi kwa kawaida ni 1080i, yaani nusu-fremu 50 kwa sekunde (fremu ni picha moja kati ya zile zinazounda video), kila moja ina mistari 540. Mechi yenyewe inaweza kuwa ilipigwa kwa kamera za 4K, kama Kombe la Dunia la 2018 na 2022 lilivyozalishwa, lakini king'amuzi chako kinakupa kile tu kilichorushwa hadi kwako.

Kabla ya kulaumu TV, angalieni nyuma yake. Kama king'amuzi kimeunganishwa kwa zile nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, hata chaneli ya HD inashushwa kuwa SD, na mng'ao na rangi vinabanwa kwenye waya mmoja wa njano. Dalili ni vitone vinavyotambaa pembezoni mwa maandishi mekundu. Chomoa hizo, tumia HDMI, kisha ingia kwenye menyu ya king'amuzi uweke 1080i. Ving'amuzi vingine vikitoka dukani vimewekwa 576 au 720. Hatua hiyo ina faida kubwa kuliko kutoka Full HD kwenda 4K, na ni bure kama waya wa HDMI upo.

Halafu kuna "antena ya 4K". Hakuna kitu hicho. Mawimbi ya dijitali yakifika vizuri picha ni ileile iliyorushwa, yasipofika picha inakatika vipande. Antena haiongezi hata pikseli moja.

Mpangaji_Ghorofa3
Dada, nashukuru. Sasa kama king'amuzi ni SD na 1080i, kwenye mpira 4K haina maana kabisa?

Dada_wa_Vipimo
Kwenye mpira tatizo si chanzo peke yake, mwendo nao unakula. LCD, yaani TV za kawaida zenye taa nyuma ya kioo, inashikilia kila fremu mpaka inayofuata ifike. Kwa matangazo ya fremu 50 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 20. Kamera ikimfuata winga na picha ikapita kioo kizima kwa sekunde 4, kwenye TV ya 4K hiyo ni pikseli 960 kwa sekunde. Jicho lako linafuata mwendo, fremu imesimama, kwa hiyo kila kitu kinapakwa kwa upana wa pikseli 19. Kwa Full HD ni pikseli 9 au 10, lakini zake ni kubwa mara mbili, hivyo upana wa mpako kwenye kioo ni uleule. Mpira ukitembea, 4K na Full HD za 50 au 60 Hz (mara ambazo kioo kinabadili picha kwa sekunde) zinalingana. 4K inarudi pale kipa anaposimama kupiga goli-kiki.

Kwa mpenda mpira, paneli ya 100 au 120 Hz ina faida kuliko pikseli. Someni maelezo vizuri lakini: maneno kama "Motion Rate 120" au "Clear Motion" kwenye boksi mara nyingi yanafunika paneli ya 60 Hz.

Mnazi_Mkinda
Upande wa YouTube na Netflix, 4K ipo kweli, ila bando ndilo linaamua. Netflix wenyewe wanataka Mbps 15 kwa 4K na Mbps 5 kwa Full HD. Saa moja ya 4K inakula hadi GB 7, ya HD hadi GB 3. Pia lazima uwe kwenye kifurushi chao cha juu, vingine vinaishia Full HD hata kama TV ni 8K. YouTube wanapendekeza Mbps 20 kwa 4K. Mwenye bando la simu la kuhesabu, weka 1080 ulale salama.

Ila kuna siri. Video zote hizi rangi hubanwa: kwa kila pikseli nne za mng'ao kuna sampuli moja ya rangi. Video ya 1080 ina rangi za 960 × 540 tu. Video ya 4K ina rangi za 1920 × 1080. Ndiyo maana ukiwa na kompyuta kwenye skrini ya Full HD ukachagua 2160 kwenye YouTube, picha inakuwa safi kuliko ukichagua 1080: rangi zimejaa, na YouTube inaipa 4K biti (data) nyingi zaidi. Watu wanaona hilo wanasema "4K inaonekana hata kwenye Full HD". Wanachokiona ni biti.

Chuma_Ulete
Na muvi za flashi? Kibandani wanatuchomea "4K" ya GB 1.2, inatoshea nyingi kwenye flashi moja.

Mnazi_Mkinda
Piga hesabu mkuu. GB 1.2 kwa saa mbili ni Mbps 1.3. 4K ya fremu 24 ina pikseli milioni 199 kila sekunde. Biti moja inagawanywa kwa pikseli 150. Hapo hakuna nywele wala majani, kuna ukungu ulioandikwa 4K. Diski halisi ya 4K inaruhusiwa kuvuka Mbps 100. Full HD ya GB 4 kwa saa mbili itaishinda hiyo "4K" ya GB 1.2 kwenye TV yoyote.

Mawili ya kuangalia kwenye flashi: ikiwa imeformatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, tumia exFAT au NTFS kadiri TV inavyokubali. Na muvi nyingi za zamani kidogo zilikamilishwa studio kwa 2K, yaani 2048 × 1080, kisha zikapanuliwa. 4K yake ina rangi bora za HDR (picha yenye mng'ao na rangi pana zaidi) lakini undani haujaongezeka.

PwaniTech254
Niaje wadau, niko Mombasa. Mnasahau kitu kinachouzwa sana madukani huku, na naamini kwenu pia: TV imeandikwa "4K supported". Hiyo "supported" ni mtego. Inamaanisha inapokea video ya 4K, lakini kioo ni 1366 × 768 au 1920 × 1080. Jinsi ya kuikamata hapo hapo dukani:

Fungua picha nyeupe tupu kwenye TV. Weka rula ya shule imelala kwenye kioo. Piga picha kwa simu kutoka karibu sana ukitumia kamera ya makro kama ipo, halafu vuta picha uhesabu. Kila pikseli ni kundi la vijistari vitatu: nyekundu, kijani, bluu. Hesabu makundi ndani ya sentimita moja ya upana.

Inchi 32: 768 ni makundi 19, Full HD 27
Inchi 43: Full HD 20, 4K 40
Inchi 55: Full HD 16, 4K 31 au 32
Inchi 65: Full HD 13, 4K 27

Ukipata nusu ya ulichoambiwa, rudisha boksi. Na kwenye TV ya LCD ukiona mraba mweupe umejipenyeza kati ya rangi tatu, hiyo ni paneli ya RGBW. Ni 4K kwa kuhesabu vijistari vyote pamoja, lakini undani wa rangi ni mdogo kuliko 4K kamili.

Msitumie picha ya JPG ya flashi kupima ukali wa 4K. TV nyingi za Android huchora menyu na picha kwa 1080 kisha zinapanua, video peke yake ndiyo inapita kwa 4K kamili. TV ya kweli inaweza kufeli mtihani huo bila kosa lake.

Kasuku_Mkimya
Nyongeza kwa PwaniTech254: mwenye laptopu aende nayo. Weka 3840 × 2160 kwa 60 Hz, fungua picha ya mistari ya pikseli moja nyeusi, moja nyeupe. 4K kamili inaonyesha mistari. Paneli yenye pikseli pungufu inaonyesha kijivu au mawimbi yanayocheza.

Kosa la kawaida ni kuchomeka HDMI halafu TV inakubali 30 Hz tu, au rangi za maandishi zinafifia. Hapo TV ni nzima, mlango wa HDMI umebanwa. 4K ya 60 Hz yenye rangi kamili inahitaji Gbps 18, na TV nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimezuia hilo. Samsung panaitwa "Input Signal Plus", LG "HDMI Deep Color", Sony "HDMI signal format" kisha "Enhanced". Washa kwa mlango unaoutumia.

FundiKioo
Kwa kuwa tumefika kwenye menyu, hili linawaumiza wengi na hawajui. TV nyingi zinakuja zikiwa zinakata ukingo wa picha na kuipanua kwa asilimia kadhaa. Ni tabia ya enzi za vioo vya mgongo. Pikseli 1920 za chanzo hazikai tena kwenye pikseli za kioo moja kwa moja, zinasuguliwa, na ukali unapotea kabla hujaanza kutazama. Zima ukataji huo: Samsung "Fit to screen", LG "Just Scan", Sony "Full pixel". Jinsi ya kujua kama upo: saa au nembo ya chaneli iliyo pembeni itasogea ndani kidogo ukiuzima.

Kisha ukali wenyewe, "Sharpness". Hauongezi undani, unachora mstari mweupe na mweusi kwenye kingo. Kwenye Samsung 0 ndio mahali pa kuanzia, kwenye Sony ni 50, kwingine anza chini upandishe mpaka maandishi yaanze kupata kivuli, halafu rudi hatua moja. Na hali ya picha toeni kwenye "Vivid" weka "Movie" au "Filmmaker".

Hapa ndipo inchi 32 za 1366 × 768 zinapoumia zaidi ya namba zake. Hakuna chaneli wala muvi ya kawaida yenye mistari 768. Chaneli ya 720 inapanuliwa kidogo, ya 1080 inapunguzwa, zote kwa uwiano usiogawanyika sawasawa, hivyo kila kitu kinalainika. Full HD kwenda 4K ni pikseli moja kuwa nne kamili, na 720 kwenda 4K ni moja kuwa tisa kamili. Kwa hiyo kama unachagua inchi 32 na unakaa ndani ya mita 2, Full HD juu ya 768 ni tofauti ya kweli. Mimi naipa uzito zaidi kuliko 4K juu ya Full HD ya inchi 43.

Mwanga_wa_Jua
Tunaotumia sola je? 4K inakula umeme zaidi?

FundiKioo
Kwa ukubwa sawa na mng'ao sawa, ndiyo, kiasi. Pikseli zikiwa ndogo, nyaya na transista zinachukua sehemu kubwa zaidi ya kioo, mwanga mdogo unapenya, taa za nyuma lazima ziwe na nguvu zaidi. Lakini ukubwa wa TV na kiwango cha taa za nyuma ndivyo vinavyokula zaidi. Soma wati nyuma ya TV, hiyo ni ya juu kabisa. Ukishusha "Backlight" usiku unashuka sana chini yake.

Dada_wa_Vipimo
Hakuna aliyetaja kontrasti ya paneli yenyewe na ni kosa letu sote. Jicho linapima ukali kwa tofauti ya mwanga kati ya vitu viwili vilivyo jirani. Kati ya paneli za LCD, aina ya IPS huwa na kontrasti ya karibu 1000:1 na aina ya VA 3000:1 na kuendelea; OLED, ambayo pikseli zake hutoa mwanga zenyewe, inazima pikseli kabisa. Ukizima taa za sebule, Full HD ya VA inaonekana "kali" kuliko 4K ya IPS, na mtu ataapa kwamba ile ya kwanza ndiyo 4K. IPS nayo ina faida yake: ukikaa pembeni rangi hazififii, VA zinafifia. Sebule yenye viti vya ukutani pande tatu inaihitaji IPS. Chagueni ugonjwa.

HDR ya TV ya bei ya chini ni stika nyingine. Kazi za HDR huandaliwa kwa mng'ao wa niti (kipimo cha mng'ao) 1000 au zaidi. TV nyingi za kuanzia hazivuki 250 au 300 na hazina uwezo wa kuzima sehemu ya taa. Zinaipokea HDR, halafu zinatoa picha yenye giza. Ikitokea, lazimisha programu au kifaa kitoe SDR, yaani picha ya kawaida isiyo ya HDR.

Bingwa_wa_Kochi
Wataalamu mmeongea mengi ila mimi nasema 8K ikija zote hizi hazina maana.

Kasuku_Mkimya
Imeshakuja na imeshajaribiwa. NHK, shirika la utangazaji la Japani, ilianza kurusha chaneli ya 8K tarehe 1 Desemba 2018. Mwaka 2020 Warner Bros., wakishirikiana na Pixar, Amazon na LG, waliwaonyesha watu 139 vipande vilevile kwa 4K na 8K kwenye OLED ya inchi 88 bila kuwaambia ipi ni ipi. Wengi walisema ni sawa au tofauti ni ndogo mno. Hiyo ni inchi 88, wa mbele wakiwa karibu kuliko kochi lako. Tumia kanuni: 8K ni 60 × cm ÷ inchi. Kwa inchi 55 na mita 2.7 ni pikseli 295 kwa digrii. Nunua miwani kwanza: mwenye diopta -1 (haoni mbali vizuri) bila miwani anaona vizuri hadi mita moja tu, baada ya hapo TV zote ni SD.

Mpangaji_Ghorofa3
Hahaha, hiyo ya miwani imenigusa. Sasa kuna njia ya kujipima nyumbani kwenye TV moja, badala ya kulinganisha TV mbili tofauti?

Kasuku_Mkimya
Ipo. Unahitaji TV ya 4K, laptopu yenye ffmpeg (programu ya kugeuza video) na video ya 4K ya kweli. Chagua yenye vitu vidogo: soko la samaki, majani ya mnazi, umati uwanjani, kanga yenye maandishi. Kata sekunde 20 uipe jina asili.mp4. Tengeneza mbili:

ffmpeg -i asili.mp4 -c:v libx265 -crf 14 -an A.mp4

ffmpeg -i asili.mp4 -vf "scale=1920:1080:flags=lanczos,scale=3840:2160:flags=lanczos" -c:v libx265 -crf 14 -an B.mp4

A ni 4K. B imeshushwa Full HD ikarudishwa, kwa hiyo TV inazipokea zote kama 4K na haibadilishi mpangilio wowote. Hiyo ndiyo maana ya kuipandisha tena, ukiiacha 1080 TV itabadili prosesa na utaona tofauti isiyohusiana na pikseli.

Mwingine achague kwa kurusha sarafu ipi icheze, wewe ukiwa kwenye kochi, mgongo umeegemea. Mara 10. Ukipata 9 au 10, unaona kweli, kwa sababu kubahatisha hivyo kunatokea kama mara 1 kwa 100. Ukipata 6 au 7 usijidanganye. Rudia ukiwa mita 1.5 uone namba zinavyopanda, hapo utajua kosa si la video.

Dada_wa_Vipimo
Mtoa mada, mimi ningekata hivi. 43 ya 4K iondoe mezani, kwa mita 2.7 unalipia usichokiona, labda kama itatumika pia kama skrini ya kompyuta kwa kukaa sentimita 80. Kati ya 43 Full HD na 55 4K chukua 55, na sababu kuu si 4K. Ni kwamba maandishi ya chini ya taarifa ya habari yanakuwa makubwa kwa asilimia 28, na ukubwa huo TV nyingi zinazouzwa sasa ni 4K tu, utake usitake. Kiwango cha SMPTE (chama cha wahandisi wa filamu na televisheni) cha picha kujaza digrii 30 za upeo kinadai inchi 65 kwa mita 2.7, kwa hiyo 55 si kubwa kupita kiasi. Ubaya wake: chaneli za SD zitaonekana mbovu zaidi kuliko kwenye 43, kwa sababu zilezile pikseli 414,720 zimetandazwa eneo kubwa mara 1.6. Uwe tayari.

PwaniTech254
Na ukifunga ukutani usiiweke juu kama picha ya rais. Katikati ya kioo iwe karibu na usawa wa macho ukiwa umekaa, mita moja hadi moja na robo kutoka sakafuni. VA ikitazamwa kutoka chini inapoteza weusi.

Mpangaji_Ghorofa3
Basi 55, nikague VA au IPS kulingana na viti. Swali la mwisho: king'amuzi na laptopu vitakaa kwenye kabati upande wa pili wa chumba, waya wa HDMI mita 8. Utabeba 4K?

FundiKioo
King'amuzi cha 1080i hakitasumbua. Laptopu ya 4K 60 Hz kwa waya wa shaba wa mita 8 itasumbua. Gbps 18 kwenye shaba ya kawaida ni za kuaminika hadi mita 3, ukibahatika 5. Dalili za waya kushindwa: chembe nyeupe zinazometameta kwenye picha, kioo kuwa cheusi sekunde moja moja, au TV kushuka yenyewe hadi 1080. Watu wanapeleka TV kwa fundi kwa hilo. Kwa mita 8 nunua HDMI ya nyuzi za kioo, na uangalie upande ulioandikwa "Source" uingie kwenye laptopu na "Display" kwenye TV, kwa sababu ukiugeuza haitoi kitu. Usiukunje kona kali nyuma ya kabati. Intaneti ya TV tumia Wi-Fi ya 5 GHz kama ipo karibu. Mlango wa waya wa mtandao kwenye TV nyingi unaishia Mbps 100, unatosha Netflix na YouTube, lakini faili la diski ya 4K kutoka kompyuta nyingine litakwama kwenye matukio yenye vurugu.